Tuzungumze Vizuri kwa Ajili ya Mtoto

 

Tumeshazungumza kuhusu chanjo, kuhusu lishe na kuhusu kuchemsha maji. Leo sina ugonjwa mpya wa kuwaletea. Nataka tuzungumze kuhusu kuzungumza: vile mama anavyoongea na mlezi, vile sisi wauguzi tunavyoongea na mama, vile wote tunavyoongea na mtoto, na yale tunayoandika kwenye karatasi. Huenda unajiuliza, hayo yanahusiana vipi na afya? Nisikilize kidogo.

Hapa kwetu Thika na Ruiru, akina mama wengi hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Kuna wanaoenda kwenye mashamba ya mananasi, kuna wanaoenda viwandani, kuna wanaowahi mboga sokoni, na kuna wanaopanda matatu pale Githurai au Makongeni kwenda kutafuta riziki Nairobi. Mtoto anabaki na dada wa kazi, na cucu wake, na jirani, au katika kituo cha kulea watoto cha pale mtaani. Kwa hivyo mtoto akiwa mgonjwa, maagizo ya daktari huwa na safari ndefu. Daktari humwambia muuguzi, muuguzi humwambia mama, na mama humwambia mlezi akiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kila mahali ujumbe unapopita, kitu fulani huanguka njiani.

Nitawapa mfano. Mama mmoja alipewa dawa ya maji ya paracetamol kwa mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Kwenye chupa palikuwa pameandikwa kwa kalamu: 5ml x 3. Asubuhi akamwambia dada, "Dawa iko juu ya kabati, mpe vile wameandika." Dada huyo alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na hesabu alikuwa anaijua. Tano mara tatu ni kumi na tano. Akampa mtoto mililita kumi na tano kwa mpigo mmoja, na jioni mama akarudi akaongeza zake tano. Siku ya pili mama alishangaa kuona chupa ya mililita 60 imebaki nusu, ndipo akauliza.

Yule dada hakuwa mjinga. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Aliyekosea ni yule aliyeandika namba bila maneno, na baada yake mama ambaye hakueleza. Kwa bahati nzuri mtoto hakupata madhara. Lakini jueni kwamba dawa hii ya kuteremsha joto ikizidi huharibu ini, na dalili zake huchelewa kuonekana. Ukigundua mtoto amepewa nyingi kupita kiasi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na ubebe chupa, hata kama anacheza na kucheka.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hutuchanganya sana sisi Waswahili wa bara, nalo ni saa. Kwenye karatasi ya dawa wanaandika 8, 2, 8, wakihesabu saa kwa Kiingereza. Lakini namba 8 kwenye karatasi ni saa mbili mdomoni mwetu, na namba 2 ni saa nane. Mlezi akisoma "8" atangoja mpaka saa nane mchana ampe mtoto dawa ambayo ilipaswa kumezwa saa mbili asubuhi. Nimekutana na jambo hili mara nyingi mpaka siku hizi nikimpa mama dawa siandiki namba ya saa peke yake. Naandika "asubuhi baada ya uji," "mchana baada ya chakula," "usiku kabla ya kulala." Ukipewa karatasi yenye namba tupu, mwombe aliyekuhudumia akuandikie maneno kando yake. Usione haya.

Vijiko navyo ni shida. Ukisema "kijiko kimoja," wewe unafikiria kijiko kidogo cha chai, na mwenzako ameshika kile kikubwa cha supu, ambacho kinabeba karibu mara tatu zaidi. Tumia kile kikombe kidogo chenye mistari kinachokuja na dawa, au bomba la kupimia. Na usimwambie mlezi tu. Mwonyeshe ule mstari, mfanye aweke kucha yake pale pale.

Halafu kuna maneno yenyewe. Chukua neno "homa." Sisi wa hapa tukisema mtoto ana homa, mara nyingi tunamaanisha mafua, kamasi na kupiga chafya. Lakini ukifungua kitabu, homa ni joto la mwili. Sasa mlezi anakupigia simu kazini: "Mama Njeri, mtoto ana homa." Wewe unafikiri ni kamasi, unamwambia amfunike vizuri na ampe chai ya maziwa. Kumbe mtoto anachemka kama sufuria. Na kumfunika mtoto mwenye joto jingi kunamwongezea joto. Kwa hivyo uliza: je, ni kamasi ama mwili una moto? Ukimgusa tumboni unahisije? Na kama mmetoka safari hivi karibuni, tuseme mlikuwa nyumbani Busia, Kisumu au Pwani, mwambie daktari hilo kabla hajauliza, kwa sababu malaria husafiri na watu na huenda hapa Thika asiifikirie haraka.

"Ana kifua" ni neno jingine la namna hiyo. Linaweza kuwa kikohozi cha kawaida na linaweza kuwa nimonia. Mfundishe mlezi ainue nguo ya mtoto akiwa ametulia, aangalie kifua, ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima akitumia saa ya simu. Mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja akifika pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka mno. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Chini ya miezi miwili, ni 60 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, hapo hakuna kungoja mama atoke kazini. Mlezi anayekwambia "nimehesabu, ni 56" amekusaidia kuliko anayekwambia "ana kifua kidogo."

Sasa utajuaje kwamba aliyekusikiliza amekuelewa? Wengi wetu huuliza, "Umeelewa?" Na jibu ni moja tu siku zote: "Ndiyo." Hata mimi nikiulizwa hivyo na mkubwa wangu nasema ndiyo, kisha natoka nje kumuuliza mwenzangu alichosema. Acha hilo swali. Badala yake sema, "Hebu niambie utakavyompa dawa, nione kama nimekueleza vizuri." Hapo umejiwekea wewe mzigo wa kueleza, hujamwekea yeye mtihani. Akirudia vibaya, mnarekebisha mkiwa bado mko mlangoni. Haichukui hata dakika moja.

Na wewe mama ukiwa kliniki, tufanyie sisi vivyo hivyo. Sema, "Sista, ngoja nirudie nione kama nimeshika." Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekasirika. Sheria iko upande wako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba anayekuhudumia, inapowezekana, akueleze kwa lugha unayoielewa na kwa njia inayozingatia kiwango chako cha kusoma. Kwa hivyo kama Kiingereza kimekupita, sema. Kama unataka Kikuyu au Kikamba, uliza kama kuna mtu anayekijua. Mara nyingi yupo.

Nije sasa kwa maneno mazuri. Kuna methali inayosema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mimi leo sizungumzii maneno matamu. Nazungumzia upole unaomwezesha mtu mwingine kukuambia ukweli.

Kulikuwa na mtoto wa miezi tisa aliyeletwa hospitalini asubuhi akiwa amepatwa na degedege. Mamake alikuwa amefika nyumbani jioni iliyotangulia, akauliza mtoto alishindaje. Dada akajibu, "Amelala sana leo." Mama alidhani ni meno yanaota, akashukuru kwamba angalau atapata usingizi. Usiku mtoto akatapika. Asubuhi akaanza kukakamaa. Ni pale wodini, daktari alipouliza kwa mara ya tatu, ndipo yule dada, msichana wa miaka kumi na tisa, alianza kulia akasema mtoto alianguka kutoka kitandani jana yake, saa tano asubuhi, kichwa kikagonga sakafu, na alikuwa ametapika mara tatu kabla ya mama kurudi.

Kila mtu alimgeukia kwa hasira. Mimi pia. Lakini baadaye tulipokaa naye alinieleza kwamba mwezi uliotangulia alivunja chupa ya chai. Alitukanwa mbele ya majirani, akaitwa mjinga na maskini, na pesa zikakatwa kwenye mshahara wake. "Kama chupa ilikuwa hivyo," akaniambia, "mtoto ingekuwaje?"

Mtoto huyo alilazwa, akatibiwa, na baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani. Yule mama alikuja kunitafuta kabla ya kuondoka. Hakuwa anamtetea dada, na mimi pia simtetei, kwa sababu kuficha ni kosa na karibu lilete msiba. Lakini aliniambia, "Sista, mimi ndiye niliyemfundisha kuninyamazia." Nimelibeba neno hilo mpaka leo.

Msikilizaji, mtoto mdogo huanguka. Ataanguka kwa dada, ataanguka kwa cucu, na ataanguka kwako ukiwa umegeuka kidogo tu kuchukua nepi. Lililo muhimu ni kwamba habari ifike haraka. Mtoto akigonga kichwa kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida, akapatwa na degedege, akatoka damu au maji puani au sikioni, au akawa halii kama siku zote, apelekwe hospitali mara moja. Na hayo yatategemea kama mlezi ana ujasiri wa kukupigia simu. Huo ujasiri hauji siku ya ajali. Unajengwa siku uji ulipoungua, na siku kikombe kilipovunjika.

Kwa hivyo mlezi akikuletea habari mbaya, anza na "asante kwa kuniambia." Najua ni ngumu. Moyo unadunda na ulimi unawasha. Lakini sema hivyo kwanza. Kisha uliza habari za mtoto: yuko vipi sasa, analia, ananyonya, anakutazama? Kisha toa maagizo. Mambo ya nani alikuwa wapi na kwa nini, myaweke mpaka jioni, mlango ukiwa umefungwa, majirani hawapo. Kurekebisha ni lazima. Mimi sisemi mtu akikosea umpigie makofi. Nasema kosa lizungumzwe kwa jina lake, "kitanda hakina kizuizi, mtoto asiachwe juu yake," bila kugusa ukoo wa mtu wala umaskini wa kwao.

Na majina tunayowaita pia yana uzito. Kuna nyumba ambazo mtoto wa miaka mitatu anamwita mlezi "wewe!" kwa sababu amesikia mama akimwita hivyo. Mtoto huyo atamsikiliza mlezi vipi akimwambia usiguse jiko? Mfundishe amwite anti, au dada pamoja na jina lake.

Nisije nikawasema ninyi tu nikajisahau. Sisi wauguzi tuna midomo, na hilo mnalijua. Miaka michache iliyopita, katika kliniki ambayo sitaitaja, mama alileta mtoto wa miezi kumi na minne kwa chanjo ya kwanza ya surua na rubela, ile ya miezi tisa. Foleni ilikuwa imefika kwenye lango, nilikuwa sijanywa hata maji. Nikamwambia kwa sauti, "Ulikuwa wapi miezi hii yote? Ama mtoto si wako?" Benchi zima likacheka. Akainamisha kichwa, mtoto akachanjwa, akaenda zake.

Chanjo ya pili ni ya miezi kumi na minane. Hakurudi. Mhudumu wa afya ya jamii alimtembelea nyumbani, akaambiwa, "Siwezi rudi kwa yule sista." Ndipo nilipojua kwamba miezi ile mitano alikuwa kwao Kitui akimuuguza mamake, ambaye baadaye alifariki. Nilienda pale nyumbani mwenyewe. Nilimwomba msamaha mbele ya dada yake, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu. Mtoto alipata chanjo ya pili akiwa amechelewa kidogo. Lakini najiuliza ni wangapi ambao hakuna mtu aliyewafuata nyumbani.

Kama ungekuwa wewe umechelewa, tafadhali njoo hivyo hivyo. Mtoto aliyekosa chanjo kwa tarehe yake bado anaweza kupewa nyingi kati ya zile alizokosa. Na ukipata muuguzi mwenye ulimi kama wangu wa siku ile, uliza kumwona msimamizi wa kliniki, ueleze kwa utulivu. Usimwadhibu mtoto kwa kosa letu.

Kuna maneno mengine ambayo yanatuharibia kazi sana, na haya nyinyi ndio mnayasema. "Ukiendelea kulia, daktari atakudunga sindano!" Mama, mtoto huyo akifika kwetu, akiona tu koti jeupe anaanza kupiga mayowe. Anakaza tumbo, hatuwezi kumpapasa. Analia, hatuwezi kuhesabu pumzi wala kusikiliza kifua. Mara nyingine anapiga teke na vifaa vinaanguka. Umemtia hofu ya mtu yule yule unayemtegemea amponye. Tena usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie, "Itauma kidogo kama siafu, halafu itaisha, na mimi nitakuwa nimekushika." Mtoto mdogo anayenyonya, mnyonyeshe wakati wa kuchanjwa au mara tu baadaye. Inapunguza maumivu.

Maneno kama "wewe hufai," "umefanana na baba yako," "heri ningezaa ng'ombe," tunayasema tukiwa tumechoka, na mtoto hayachukulii kama mzaha. Na ukisikia kwa jirani mambo yamepita maneno, mtoto anapigwa au anaumizwa, piga simu 116. Ni namba ya bure ya kusaidia watoto hapa Kenya.

Tuingie kwenye kuandika. Najua wengine mnasema, mimi si karani. Lakini daftari la kurasa 32 linaweza kuokoa mtoto. Linunue, lifunge kamba, lining'inize jikoni. Mtoto akiwa mgonjwa, andika kabla ya kulala usiku, wakati kichwa kimetulia, usingoje asubuhi. Andika kwa maneno mafupi. Nitawasomea jinsi mama mmoja wa Kiandutu alivyoandika mtoto wake alipokuwa anaendesha. Nimemwomba ruhusa:

"Jumanne. ORS nimechanganya, iko kwenye jagi la kijani. Kila akiendesha mpe nusu ya kikombe cha plastiki, kidogo kidogo na kijiko. Akitapika ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Zinki nimempa asubuhi. Usimpe tena leo. Uji na ndizi ampatie kama kawaida. Akikataa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kukiwa na damu, piga simu. Nisiposhika, gonga kwa mama Kevo, mpeleke hospitali na boda. Shilingi 300 ziko kwenye mkebe wa majani chai. Usiningoje."

Angalieni vile alivyoandika. Amesema kitu ambacho tayari amekifanya, ili dawa isirudiwe. Zinki ni mara moja kwa siku, siku kumi, na watoto wengi hupewa mara mbili kwa sababu mama na mlezi kila mmoja anadhani mwenzake amesahau. Amesema pesa ziko wapi. Na amempa mlezi ruhusa ya kuondoka na mtoto. Hilo la mwisho ndilo wengi tunasahau. Mlezi anakaa na mtoto aliyelegea mpaka saa moja jioni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kufunga nyumba na kwenda.

Kuhusu ORS, soma pakiti kabla ya kuchanganya. Nyingi za hapa ni za nusu lita, na chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500 inakupa kipimo kizuri ukiiosha. Lakini kuna pakiti za lita moja, kwa hivyo usikisie. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoendesha, na wa miaka miwili na zaidi 100 hadi 200. Iliyobaki baada ya saa ishirini na nne, mwaga. Andika kwenye karatasi saa uliyochanganya.

Naye mlezi aandike upande wake. Si lazima iwe insha. "Saa nne ameendesha, maji tupu. Saa sita amekunywa kikombe. Amekojoa mara mbili." Ukileta daftari hilo hospitalini, daktari atakushukuru, kwa sababu swali la kwanza ni ameendesha mara ngapi, na jibu la kawaida ni "mara nyingi."

Na kama mlezi hajui kusoma? Usimwaibishe kwa kumwandikia. Chora jua linalochomoza kwa asubuhi, jua la utosini kwa mchana, mwezi kwa usiku, na mistari kwa idadi ya vidonge. Akishampa mtoto, apige alama juu ya mchoro. Cucu mmoja ninayemjua hutumia maharagwe: anaweka matatu kwenye kisahani asubuhi, kila akitoa dawa anaondoa moja. Hajawahi kukosea. Kama mna simu za kisasa, mtumie ujumbe wa sauti ambao anaweza kuusikiliza tena akisahau.

Hapa Thika tuna shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1946, na katika mji huu wako akina mama na baba wanaolea watoto bila kuona. Mfunge mama kama huyo mpira mmoja kwenye chupa moja na mipira miwili kwenye nyingine, azitambue kwa kugusa, na akate alama kwenye bomba la kupimia. Kwa mama asiyesikia, ondoa barakoa mnapozungumza, mtazame usoni, andika, na uliza kama anatumia Lugha ya Ishara. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inataka serikali iiendeleze lugha hiyo pamoja na maandishi ya nukta nundu. Usimzungumzie mtoto wake au dada yake kana kwamba yeye hayupo.

Halafu kuna kile Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto mnachopewa kliniki. Tafadhali, kisikae kwenye sanduku chini ya nguo za kanisani. Mlezi ajue kilipo. Ndani yake kuna uzito, chanjo, vitamini A ya kila miezi sita na tarehe ya kurudi. Siku ya dharura usiku, kitabu hicho ndicho kinachozungumza kwa niaba ya mtoto.

Kabla sijaondoka nina swali la msikilizaji wa Gatong'ora. Anasema yeye ni Mkikuyu, mumewe ni Mkamba, dada wa kazi ni Mluhya, na jirani amemshauri wamzungumzie mtoto Kiingereza peke yake asije akachanganyikiwa. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi saba na maneno yake ni machache.

Mama, zungumza naye kwa ile lugha inayokutoka moyoni, ile unayoimbia na kuchekea. Baba afanye vivyo hivyo, na dada pia. Lugha nyingi hazimdhuru mtoto, na kusikia nyumba iliyonyamaza ikimwachia televisheni kazi ya kuongea ndiko kubaya zaidi. Ukimwogesha, taja mguu, taja sabuni. Akisema "ba," mjibu, kisha ungoje naye akujibu.

Lakini maneno kuwa machache, hilo nataka tulichunguze. Simama nyuma yake mahali asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida. Je, anageuka? Je, sikio limekuwa likitoa usaha, hasa kwa zaidi ya wiki mbili? Je, ananyoosha kidole kuonyesha anachotaka? Akiwa hageuki, au akifika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kama "maji lete," mlete kliniki, hata kama majirani wanasema babake pia alichelewa kuongea. Na ukija, njoo na dada wa kazi. Yeye ndiye anayejua mtoto husema nini mchana.